Siku tuliyokwenda kumwona Owen na Mzee

Wiki jana, mvua ilipopusa, binti yangu alimkuta jongoo kizingitini akakimbilia ufagio. Nikamzuia. "Kwani jongoo ana kazi gani?" akaniuliza kwa hasira. Nikamwambia kuna msitu mzima Bamburi, hapa Mombasa, ambao usingekuwapo bila jongoo. Hakuniamini, nami sikuendelea kumweleza, maana mawazo yalikuwa yameshanichukua hadi likizo ya Agosti 2005, siku niliyompeleka kijana wa dada kumwona Owen.

Dada alikuwa Muscat kikazi wakati ule, na mtoto nimeachiwa mimi. Alikuwa na miaka mitano. Mji mzima ulikuwa ukizungumza habari za Owen, mtoto wa kiboko aliyefuatana na kobe mkongwe aitwaye Mzee kama mtu na mzaziwe, na yeye alizisikia madrasa, akarudi nazo, akazilalia na kuziamkia. Pesa hazikuwa nyingi. Nikapanga safari ya kwenda na kurudi kwa matatu, nauli nimeifunga kwenye pembe ya leso, na mahamri ya asubuhi nimeyatia kwenye kikopo.

Likoni tulivuka mapema. Feri watu wa miguu hawalipi, na kwake yeye ile feri peke yake ilikuwa bembea tosha. Alitaka tusimame mbele kabisa, pale ulimi unaposhuka na watu kumwagika nchi kavu. Upande wa kisiwani tukapanda matatu ya Bamburi. Sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi, zilikuwa bado za moto: abiria 14 tu, mikanda imefungwa, gari lina mstari wa manjano ubavuni, kondakta ndani ya sare yake ya damu ya mzee. Akatutazama, akasema, "Mama, mpakate mtoto." Mpaka siku ile watu wa matatu walikuwa wakiniita dada au siste. Nikampakata. Tulipita Daraja la Nyali yeye akihesabu madau, nami nikilihisi lile neno bado liko masikioni.

Haller Park, ile bustani ya Bamburi alikokaa Owen, kwa ambao hawajafika, ni shimo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi miaka ya 1950, kikachimba mawe ya matumbawe mpaka ikabaki ardhi nyeupe isiyoota hata jani. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, akaanza kupanda miti humo. Mivinje ikakubali, lakini majani yake yale membamba yalianguka yakarundikana bila kuoza. Ndipo wakaletwa jongoo, wale weusi wenye miguu myekundu. Wakayala majani, na walichokitoa kikawa udongo. Katika udongo ule ikaota miti mingine, wakaja ndege na nyani, yakachimbwa mabwawa ya samaki. Sisi tuliokuzwa na msemo wa kumtupa jongoo na mti wake, pale tulikuta jongoo ameachwa pamoja na mti wake, na msitu ukatokea. Mtoto alichutama njiani kumtazama mmoja kwa muda mrefu hata watu wakawa wanatupita pembeni, na nikamwacha, kwa sababu nilimwona ametulia kama sijamwona tangu mamake aondoke.

Kisha tukafika uzioni.

Mzee alikuwa anakula majani, polepole, shingo imenyooka, ngozi ya shingo ina mikunjo ya kavukavu. Alikuwa kobe wa asili ya Aldabra, na pale walimkadiria miaka 130 hivi. Owen alikuwa amelala nyuma yake, kidevu kimeegemea gamba. Picha za gazeti hazikunionyesha jinsi alivyokuwa ameminyana naye. Uwanja ulikuwa mpana, kuna maji na vivuli, lakini yeye alikuwa amechagua ule upenyo mdogo kabisa wa kuweza kumgusa mwenziwe. Kobe alipopiga hatua mbili kufuata majani, kiboko aliamka, akasogea hatua mbili, akaegemea tena.

Mfanyakazi mmoja wa pale alitusimulia. Mvua zilikuwa zimewasukuma viboko wa Mto Sabaki hadi baharini karibu na Malindi. Ile tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilipofika pwani yetu, huyu mdogo akabaki peke yake kwenye mwamba. Watu walihangaika naye kwa nyavu mpaka wakampata, na siku ya pili akaletwa Bamburi. Alipofunguliwa tu alikwenda kujificha nyuma ya kobe.

"Mamake yuko wapi?" mtoto akauliza.

"Walipotezana," yule bwana akasema.

"Amekwenda Uarabuni," mtoto akamwambia. Hakuwa anauliza. Alikuwa anamweleza mtu mzima jambo ambalo pengine hakulijua.

Yule bwana akanitazama, kisha akatazama chini. Mimi nikachutama nikamshika mabega. Nikamwambia, "La, babangu. Mama wa Owen hajulikani alipo. Mamako anajulikana, yuko kazini, na Ijumaa atapiga simu." Akatikisa kichwa, akageukia tena uzio.

"Na kobe alimtaka?"

Swali hilo alimwuliza yule bwana, hakuniuliza mimi. Naye akalijibu bila kulipamba, jambo ambalo namshukuru mpaka leo. Akasema mwanzo Mzee hakumtaka. Alikuwa akimfokea na kuondoka zake, na Owen anamfuata, akiondoka anafuatwa. "Halafu?" "Halafu akaacha kuondoka."

Mtoto akainua macho akanitazama kwa muda. Nilikuwa na miaka 22. Hakuna aliyekaa nami kuniuliza kama naweza, na mimi sikuwa nimemwambia mtu kwamba usiku nalia. Sijui aliona nini usoni mwangu. Akaniomba hamri, nikampa, akala akiwa ameniegemea pajani, macho kwa wale wawili.

Twiga tuliwalisha alasiri, akacheka ulimi ulipompangusa kiganja. Kurudi, kondakta hakuhitaji kuniambia la kufanya, na mtoto alilala kabla hatujafika Buxton.

Mwaka 2007 Owen alitenganishwa na Mzee, akaunganishwa na kiboko wa kike, Cleo, ajifunze kuishi na wa jinsi yake. Ni sawa, kiboko mkubwa angeweza kumwumiza kobe. Dada naye alirudi salama, alhamdulillahi, akamchukua mwanawe wakahamia Mtwapa, na hilo pia lilikuwa sawa. Nilimkunjia nguo zake mwenyewe. Wengi walinipongeza kwa kumlea vizuri.

Habari za Owen zilienda dunia nzima, na watu walifurahi kwamba amepata mwenziwe. Mimi nilikuwa nikisoma nikitafuta habari za Mzee, alikulaje majani yake wiki ile ya kwanza, kama aligeuka kutazama nyuma au alishukuru kupata nafasi. Sikuzikuta mahali. Binti yangu nimemwahidi kumpeleka Bamburi akawaone jongoo, na kijana wa dada anasema atakuja naye, nauli ni juu yake.