Mjane Aliyeletwa na Shemeji Yake

Shemeji ndiye aliyetangulia kuingia. Alivuta kiti, akaketi, akaanza kueleza kabla mjane mwenyewe hajapata pa kukaa. Ilikuwa Machi 2011, katika chumba kidogo cha ushauri nasaha cha kituo cha afya upande wa Kondele, Kisumu, nilikokuwa nikifanya mazoezi ya kazi chini ya msimamizi. Ndugu yake, alisema, ameshazikwa zamani. Wazee wamekubaliana ni nani atakayemrithi mjane. Mvua ziko karibu, shamba halijaguswa, na kwa mila ya kwao mama huyu hawezi kutangulia kupanda kabla taratibu hazijatimizwa.

"Daktari, muongeleshe. Wewe ni mwanamke mwenzake, atakusikia."

(Nimebadilisha mambo kadhaa ili mama huyu asitambulike. Yaliyobaki ni kama yalivyokuwa.)

Nilimwomba shemeji atusubiri nje kwenye benchi. Alisitasita, akatoka.

Tukabaki wawili. Yeye alikuwa mzaliwa wa Vihiga aliyeolewa kwa Wajaluo, kwa hiyo tuliongea Kiswahili. Niseme wazi nilivyokuwa nimekaa pale: nililelewa na shangazi aliyekataa kurithiwa, na nilijua alivyotengwa kwa ajili hiyo. Nilijua pia jinsi virusi vya UKIMWI vilivyoitafuna Nyanza kuliko sehemu nyingine nyingi za Kenya, na jinsi desturi hiyo ilivyotajwa kila mara jambo hilo lilipozungumzwa. Neno "kataa" lilikuwa limenijaa kinywani. Shemeji alitaka nimsukume huku, na moyo wangu ulitaka kumsukuma kule.

Njia niliyofunzwa ni ile ya Carl Rogers, mwanasaikolojia Mmarekani, ambaye mwaka 1957 alitaja masharti sita ambayo, kwa maoni yake, yakiwepo mtu hubadilika. Matatu kati yake yanamhusu mshauri moja kwa moja: awe mkweli katika nafsi yake, amkubali mteja bila masharti, na auone ulimwengu wa mteja kama mteja anavyouona, bila kusahau kwamba huo si ulimwengu wake. Kwenye karatasi ya mtihani unayaandika kwa dakika mbili. Mbele ya mtu aliyefiwa, hilo la kwanza na la pili huanza kuvutana. Nitakuwaje mkweli na maoni yangu haya, na bado nimwachie nafasi mtu anayetaka kukubali kile ninachokichukia?

Alikaa kimya muda mrefu. Sikuuvunja ukimya wake. Nje muziki wa matatu ulipita, ukaisha. Alikuwa akishikashika fundo kwenye pindo la leso yake, lile ambalo akina mama hufungia pesa.

"Umechoka," nilisema.

"Nimechoka kuongelewa." Kisha akaniangalia. "Daktari, ungekuwa wewe, ungekubali?"

Nilimjibu polepole: "Mama, maoni ninayo, sitakuficha. Lakini nikikupa leo, nitakuwa nimejiunga na wazee na shemeji kukuamulia. Ningependa kwanza nikusikie wewe."

Alicheka kidogo, bila furaha. Halafu akafungua lile fundo. Hapakuwa na pesa. Palikuwa na karatasi iliyokunjwa hadi ikawa ndogo kama stempu, mikunjo yake imeanza kukatika. Aliinyoosha juu ya goti. Ilikuwa ya mkopo. Aliikuta kwenye koti la marehemu baada ya mazishi: jina ni la mjane mwenyewe, na sahihi hakuwahi kuitia.

"Hii hakuna anayeijua," alisema. "Marehemu hasemwi. Wanakuja wanalia, nami nalia, wanadhani namlilia. Nina hasira, daktari. Nina hasira naye mpaka usiku nagombana na kitanda."

"Kila mtu anaona majonzi, na hasira umeibeba peke yako."

"Peke yangu." Na hapo ndipo alipolia kwa kweli, kilio cha sauti, hadi nikaona kivuli cha shemeji kikisogea karibu na mlango. Sikuinuka. Sikumwambia anyamaze wala kwamba yatapita. Nilibaki pale.

Rogers mwenyewe alisimulia kisa cha Rochester, alikofanya kazi na watoto. Mama mmoja alikuwa na mtoto mtukutu, naye Rogers alishajiamulia kiini cha tatizo ni nini na akajitahidi kumwonyesha. Haikuwezekana; wakakubaliana waache. Mama alipofika mlangoni akageuka, akauliza kama pale huwa wanawashauri na watu wazima. Alirudi kukaa, akamwaga shida za ndoa yake ambazo hazikuwa zimesemwa kabla. Tangu hapo Rogers akashikilia kwamba mteja ndiye anayejua panapouma. Nilikuwa nimekisoma kisa hicho na kukipenda. Siku ile ya Kondele ndipo nilipokiamini, kwa sababu kama ningetumia saa ile kumtetea dhidi ya kurithiwa, angeondoka na karatasi yake fundoni, nami ningebaki nikijiona nimemsaidia.

Alipotulia alijifuta uso, akaikunja karatasi, safari hii akaitia mkobani. "Mama mkwe lazima aione hii," alisema. "Kabla ya mambo ya wazee. Nitamwonyesha mwenyewe."

Sikuwa nimependekeza lolote.

Kwenye korido shemeji alisimama haraka. "Amekubali?" aliniuliza mimi.

Mama akajibu yeye: "Shemeji, twende nyumbani. Nina maneno na mama."

Alirudi wiki iliyofuata, na nyingine baada ya hiyo, akija peke yake kwa nauli yake. Tuliongea zaidi kuhusu marehemu: alivyomdanganya, na pia alivyokuwa akimchotea maji alipokuwa mjamzito. Vyote viwili vilikuwa kweli na alitaka kuvisema vyote. Kuhusu kurithiwa, aliamua kabla mahindi hayajachanua. Aliponiambia alichoamua, hakuniuliza naonaje, nami sitakiandika hapa.