Nilivyokagua mistari mitatu ya CSS ya majedwali

Mwenzangu aliniletea mistari mitatu tu ya CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa za wavuti, niikague. Nyaraka za programu yetu tunazizalisha kwa Sphinx, zana inayogeuza maandishi kuwa kurasa za wavuti au PDF, kwa mwonekano wa Read the Docs, ambao huziwekea seli za majedwali `white-space: nowrap`. Matokeo yake sentensi ndefu haishuki mstari wa pili, na msomaji inabidi aliburute jedwali kulia ndipo amalizie kusoma. Yeye alibadilisha ikawa `normal`, akaongeza `overflow-wrap: anywhere` ili majina marefu ya vigezo yakatike. Niliposoma msimbo sikuona tatizo lolote.

Kabla ya kukubali nikazalisha nyaraka na kuzifungua kwenye simu. Safu ya majina ilikuwa imebanwa hadi `max_retry_interval` likasimama kama ngazi: `max`, chini yake `_re`, chini yake `try`. Halisomeki! Nilikaa nalo muda mpaka nikaelewa. Kwa `anywhere`, kivinjari huhesabu kwamba neno linaweza kukatwa kwenye herufi yoyote, hivyo upana wa chini kabisa wa safu huwa wa herufi moja. Safu ya maelezo, yenye maneno mengi, hujinyakulia nafasi yote iliyobaki.

Tukajaribu `overflow-wrap: break-word`. Hiyo haipunguzi upana wa chini wa safu, kwa hiyo jedwali likarudi kumwagika nje ya skrini. Mwishowe tuliiacha `anywhere`, ila safu ya kwanza tukaipa `min-width: 9em`, yaani upana isioweza kushuka chini yake. Jina likakatika mara moja tu.

Tangu siku hiyo nazalisha nyaraka mara mbili, tawi kuu (toleo lisilo na mabadiliko) kwenye folda moja na tawi la mabadiliko kwenye nyingine, kisha naendesha `diff -r`, amri inayolinganisha folda mbili. Mara ya kwanza karibu kila ukurasa ulionekana umebadilika, kumbe ni tarehe iliyo chini ya ukurasa. Siku hizi naweka `SOURCE_DATE_EPOCH`, kigezo kinachoiambia Sphinx itumie tarehe gani, yenye thamani ileile pande zote mbili. Ukitumia Sphinx 7.1 au zaidi, kiungo cha faili la CSS nacho kitabadilika kila ukurasa, kwa sababu hubeba namba inayotokana na yaliyomo kwenye faili lenyewe. Hiyo isikutishe. Mstari mwingine wowote wa HTML ukiguswa wakati mwenzako amegusa CSS peke yake, muulize.

Kisha nafungua kurasa tatu kwa macho yangu: yenye jedwali pana kuliko yote, yenye jina refu kuliko yote, na yenye jedwali ndani ya orodha.

PDF nilikuja kuikumbuka baadaye. Yenyewe hupitia LaTeX, mfumo wa kupanga kurasa za kuchapishwa, kwa hiyo CSS haiifikii kabisa, na jedwali lilelile lilikuwa bado linavuka pambizo la kulia. Nikamwomba mwenzangu aongeze `tabularcolumns`, agizo la Sphinx la kupanga safu kwenye PDF, juu ya jedwali hilo, alete kama badiliko la peke yake. Nimelipitisha jana.