Utendi wa Dibaji Tupu

Daftari langu la utendi limejaa maombi ya wino. Watunzi wa huku kwetu tangu kale huanza na bismillahi, wakamsalia Mtume, kisha wakaagiza wino na karatasi ndipo waingie kwenye kisa. Mimi nimeagiza wino hadi aibu. Kisa hakijaanza. Ubeti huu ndio ninaoupenda zaidi:

Nipa wino na waraka
nipate kuyaandika
ya kale yasotoweka
kizazi kupulikiya

Mizani minane kila kipande, vina vitatu vinapatana, cha nne ndicho bahari, kina kinachorudi mwisho wa kila ubeti. Kwa sanaa hauna kasoro. Ndani hauna kitu.

Ninachotaka kukitunga ni habari za wakata mikoko, kazi aliyoifanya babu yangu ujana wake wote. Ukiingia nyumba ya mawe hapa Lamu utakuta vyumba virefu na vyembamba. Wageni hupiga picha wakidhani ni urembo. Ule wembamba ni urefu wa boriti tu: dari ya mawe na chokaa ni nzito, na mti wa mkoko una mwisho wake, basi upana wa chumba uliamuliwa huko mikokoni kabla mwashi hajashika mwiko. Na boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni na upepo wa kusi, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Mimi nauza mabati na saruji mtaa wa Langoni. Mtu wa kuyaandika haya, kwa kweli, ni mimi.

Wenzangu husema kinachonikwamisha ni kukosa wakati. Wananionea huruma bure. Alasiri dukani huwa hakuna hata paka. Nadhani ni hivi: dibaji haikudai ujue lolote. Kumhimidi Mola na kuomba wino kila mtu anaweza, na ukiisoma barazani kwa sauti nzuri utaitwa malenga papo hapo, utaongezwa na kahawa. Nimekwisha kula sifa za utendi ambao haupo. Lakini ukianza kisa, lazima useme ni mti gani, uliingiliwa kwa maji gani, ulibebwa na nani. Hapo ndipo kalamu yangu hupata usingizi.

Namfikiria Mwana Kupona, malenga wa kike wa huku kwetu. Mwaka 1858 alipotunga wasia wake alikuwa mgonjwa, na alikuwa na binti wa kumwachia maneno. Hakuwa akitungia baraza. Nami nina babu wa kumsomea, amekaa kitandani, macho hayaoni tena ila masikio ni mazima.

Juzi nikaenda kumsomea. Alisikiliza dibaji yote, akaitikia amina mahali pake, kisha akaniuliza, "Haya mwanangu, mikoko iko wapi?"

Nikamwambia bado.

Hakunilaumu. Alianza kunihesabia aina za miti kwa vidole: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kutoka nyembamba hadi nene, na kila moja akinionyesha unene wake kwa kuzungusha mikono hewani. Akasema mitoni waliingia wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, maana maji mafu, yanayojaa kidogo, hayapandishi chombo kilichosheheni. Akasema juu ya mbu, na juu ya maji ya kunywa yaliyokuwa yakibebwa kutoka mjini. Mke wake alipoleta chai alikuwa bado kwenye mbu. Niliandika nyuma ya risiti za dukani kwa sababu daftari sikulibeba. Nani angejua kwamba siku hiyo kungekuwa na cha kuandika?

Usiku ule nilitunga beti za katikati, bila bismillahi, bila wino, na utaratibu nitaupanga baadaye. Wazee wa utendi wanisamehe.

Sasa nimefika kwenye kuuza. Boriti zilihesabiwa kwa korija, na korija ni ishirini. Nataka neno hilo liwe mwisho wa kipande. Kina cha kupatana nalo, tija, ninacho. Hija pia inaingia, kwani babu anasema wapo waliokwenda Makka kwa fedha ya mikoko. Kilichobaki ni bahari tu, na leo dukani hakuna mteja.