Wingu Lililotoweka

Juzi binti yangu alikuwa anafanya kazi ya baiolojia, akainua kichwa: "Mama, kama mimi nina kromosomu X mbili na kaka ana moja tu, mbona mimi si mara mbili yake?" Nikamweleza alichokipendekeza mwanajenetiki Mary Lyon mwaka 1961: kiinitete kikiwa bado kichanga, kila seli ya mwanamke huzima X moja, iwe ya baba au ya mama, na seli zote zinazozaliwa kutoka hiyo hufuata uamuzi huohuo. Akaridhika. Mimi ndiye nilibaki na mawazo, maana uamuzi huo niliwahi kuuona ukitenguka.

Ilikuwa maabara, Marekani, miaka ile njia ya mwanasayansi Shinya Yamanaka ya kuirudisha seli ya ngozi kuwa seli shina, yaani seli inayoweza kugeuka kuwa ya aina nyingine, ilipokuwa bado mpya. Zilitufikia seli za mama mmoja aliyebeba, kwenye X yake moja, jeni mbovu ya HPRT1. Mtoto wa kiume akiirithi hupata ugonjwa wa Lesch-Nyhan: asidi ya yuriki hujaa mwilini, viungo havitulii, na mtoto hujing'ata midomo na vidole. Mama mwenyewe hakuwa na dalili. Tulipozirudisha seli zake, kila kundi lililoota kutoka seli moja lilibaki na X ileile iliyozimwa tangu ngozini. Tukapata makundi mawili ya mwanamke mmoja, moja likitumia jeni nzima, jingine ile mbovu. Ulinganisho safi kuliko huo utaupata wapi?

Tukaotesha, tukagawa, tukahamishia sahani mpya. Miezi ikapita.

Ninachokikumbuka vizuri ni chumba cha hadubini. Giza, feni ya kamera inavuma, viini vya seli vinang'aa buluu. Katika seli za mwanzo, kila kiini kilikuwa na doa jekundu pembeni: RNA ya XIST, molekuli iliyoifunika X iliyozimwa na kuifanya ilale. Sisi tuliliita wingu. Sasa niliweka seli zilizogawanywa mara nyingi. Buluu. Nikasogeza kioo: buluu tupu. Nikapandisha na kushusha lenzi, nikaongeza mwanga. Halafu nikafika mahali seli chache zilikuwa bado na mawingu yao, zimebanana upande mmoja, na hatua moja tu kando yao hapakuwa na kitu. Niliukodolea macho mstari ule wa mpaka hadi yakaanza kutoa machozi.

Vipimo vilivyofuata vilikwenda haraka. Kundi lililokuwa gonjwa lilikuwa limeanza kutengeneza protini nzima ya HPRT, ile inayotokana na jeni ya HPRT1. Nilifurahi, kwa kitambo, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amepona. Lakini hakuna aliyepona. X iliyolala ilikuwa imeanza kuvuja humo sahanini, na hata tulipozigeuza seli hizo kuwa za neva, XIST haikurudi. Mwaka 2012 watafiti wa Harvard walichapisha jambo hilohilo, kwa ugonjwa huohuo, tukajua hatukuwa peke yetu.

Kikaoni mtu akapendekeza tutumie seli za wanaume tu, hazina usumbufu. Wengi waliafiki. Nilipinga, na bado napinga: ugumu wa seli za wanawake ni sababu ya kuzisoma zaidi, si ya kuzikwepa.

Siku hizi nawafuatilia wanaojaribu kuiamsha X iliyolala kwa makusudi, kwa ajili ya wasichana wenye Rett, ugonjwa wa ubongo unaotokana na jeni ya MECP2 iliyoko kwenye X. Kila seli yao inayotumia jeni hiyo ikiwa mbovu ina nakala nzima iliyolala ndani yake. Nawaombea wafanikiwe, kwa moyo wote. Ila nikikumbuka seli zile nasita, kwa sababu haikuamka HPRT1 peke yake. Ziliamka na jeni nyingine za X ileile, nyingine zikaendelea kulala, na hakuna hata moja tuliyoichagua sisi.