Shule ya lugha mbili, lakini lugha zipi?

Mume wangu alipopata kazi nje ya nchi tulikuwa na miezi minne ya kujiandaa. Viza ina utaratibu wake, mizigo ina utaratibu wake. Kilichoninyima usingizi ni shule. Nilikuwa na watoto wawili. Mkubwa alikuwa na miaka 10 na alishasoma kwa Kiingereza miaka minne. Mdogo alikuwa na miaka 6, Kiswahili kitupu, ndiyo kwanza anaunganisha silabi. Kila niliyemwomba ushauri alinipa jibu lilelile: watafutie shule ya lugha mbili, yaani Kiingereza na lugha ya huko. Nililipokea kama mgonjwa anavyopokea dawa, bila kuuliza ndani yake mna nini.

Nilipoanza kuandikiana na shule nikagundua kwamba jina hilo linabeba mengi. Shule moja ilifundisha masomo yote kwa lugha ya nchi, Kiingereza kikiwa somo la vipindi vitano kwa wiki. Nyingine ilianza na asilimia 90 ya lugha moja katika madarasa ya chini, ikawa inapunguza kidogo kidogo hadi nusu kwa nusu. Ya tatu ilikuwa nusu kwa nusu tangu siku ya kwanza. Zote ziliandika "lugha mbili" getini.

Utaratibu wa nusu kwa nusu ndio ulionivutia, nikausoma kwa undani. Shule ya Coral Way huko Miami iliuanza mwaka 1963, ikiwachanganya watoto wa wakimbizi kutoka Cuba na watoto wa Kimarekani. Berlin nako shule za serikali za namna hiyo zilianza mwaka 1992, na darasa linakusudiwa liwe na nusu ya watoto wenye lugha hii na nusu wenye lugha ile, ili kila mtoto awe mwalimu wa mwenzake. Hapo ndipo niliposhtuka. Watoto wangu wangekaa nusu ipi? Mkubwa angejibanza upande wa Kiingereza. Mdogo hakuwa na upande.

Nilimweleza baba yao usiku ule. Akacheka: "Kwa huyo mdogo hiyo siyo shule ya lugha mbili, mama. Ni shule ya lugha mbili ngeni." Nami nikacheka, halafu usingizi ukapotea tena.

Tangu hapo niliacha kusoma vipeperushi vyao vyenye picha za watoto wanaotabasamu, nikawa naomba kitu kimoja tu: ratiba ya wiki ya darasa atakaloingia mtoto, na lugha ya kufundishia ikiandikwa mbele ya kila somo. Shule mbili hazikunijibu mpaka leo. Moja iliniletea ratiba ambayo Kiingereza kilikuwa cha muziki, michezo na uchoraji, na hesabu na sayansi zote kwa lugha ya nchi. Si vibaya, ila mwanangu wa miaka 10 angekaa mwaka mzima bila kuelewa somo la sayansi. Mtaalamu mmoja wa Kanada, Jim Cummins, aliandika mwaka 1979 kwamba lugha ya kuzungumza uwanjani na lugha ya kusomea darasani ni vitu viwili tofauti. Ya uwanjani mtoto huipata kwa takriban miaka miwili. Ya darasani huweza kumchukua mitano hadi saba. Kwa mtoto aliyebakiza miaka miwili kufika sekondari, hesabu hiyo inauma.

Tulipofika niliomba kukaa nyuma ya darasa katika shule mbili zilizobaki, na niliomba kipindi cha hesabu. Katika ya kwanza mwalimu alisema kila sentensi kwa lugha moja, papo hapo akaitafsiri kwa nyingine. Nikawatazama watoto: kila mmoja alikuwa anasubiri zamu ya lugha yake, ile nyingine ikipita anachezea penseli. Nikaifuta. Katika ya pili kulikuwa na walimu wawili, kila mmoja na lugha yake na siku zake, na hesabu ilikuwa ya mwalimu wa Kiingereza. Mtoto mmoja alijibu kwa lugha isiyo ya siku hiyo. Mwalimu akalirudia jibu kwa lugha ya siku, bila kumkaripia, akaendelea. Niliipenda shule ile kabla kengele haijalia.

Mkubwa akaingia hapo. Mdogo tukampeleka shule ya kawaida ya serikali, dakika tano kwa miguu, lugha moja tu, yenye darasa la wageni wanaojifunza lugha kila asubuhi. Mama mkwe alipiga simu: "Mmewatenganisha watoto?" Ndiyo, tuliwatenganisha, na si bure: asubuhi mbili tofauti, mikutano ya wazazi miwili, likizo zisizooana.

Mdogo alinyamaza. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, hakusema neno darasani. Nyumbani alikuwa chiriku yuleyule. Mwalimu wake, mama mpole kwa kweli, akapendekeza apelekwe kupimwa kama ana tatizo la kusema. Nilikuwa nimesoma kwamba watoto wengi wanaoingia lugha mpya hupitia kipindi cha ukimya wanapokusanya maneno, nikamwomba asubiri, na nikasema kama ni lazima apimwe, basi apimwe na kwa Kiswahili. Akakubali. Mwezi wa tano, tukiwa njiani kurudi, nilimsikia akimgombeza rafiki yake kwa sentensi ndefu ambayo mimi mwenyewe nisingeweza kuipanga.

Mwalimu mwingine alitushauri tuache Kiswahili nyumbani ili mtoto aende haraka. Hilo nilikataa katakata. Lugha ya nchi ninaiokotaokota. Ningempa mwanangu makombo badala ya mlo. Nilifanya kinyume chake: kila usiku robo saa ya kusoma Kiswahili. Kiswahili kinasomwa karibu kama kinavyoandikwa, kwa hiyo baada ya miezi michache alikuwa anasoma mwenyewe, na ujuzi ule aliubeba kwenda nao shuleni. Kilichobaki kumsumbua huko ni herufi zinazoandikwa halafu hazitamkwi, jambo analoliona ni ubadhirifu.

Kosa langu lilikuwa kwa mkubwa, yule niliyedhani nimemmaliza. Niliuliza lugha ya hesabu, ya sayansi, hata ya mikutano ya wazazi. Sikuuliza mtihani wa kuingia sekondari unafanywa kwa lugha gani. Muhula wa pili ndipo nikaambiwa, tena kwa kupitiwa tu, kama jambo ambalo kila mtu analijua: lugha ya nchi, hesabu na yote. Shule haikunificha, ni mimi niliyeridhika mapema kwa sababu nilipenda kipindi kimoja cha asubuhi. Tukamtafutia mwalimu wa jioni, mara mbili kwa wiki, na yeye akanuna kwa sababu muda ule ulikuwa wa mpira.

Sasa ni mwaka wa pili. Mdogo ananisahihisha matamshi mbele za watu, wala haoni haya. Mkubwa juzi aliniuliza kwa nini yeye hakupelekwa shule ya mdogo wake, ambako marafiki wote wa mtaani wanasoma. Nilimweleza habari za sayansi na miaka mitano hadi saba. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa mama, lakini sasa hivi naelewa." Fomu ya kuhama iko juu ya meza. Mwisho wa kuirudisha ni Ijumaa, na mimi na baba yake bado hatujakubaliana.