Kamusi yangu ya harufu za wiski: vichupa 14 na peasi moja ya Lushoto

Wadau, kuna walioniuliza ule mradi wangu wa kunusa wiski na kuandika harufu zake daftarini umefia wapi. Haujafa, umebadilika sura tu. Mwanzo nilikuwa nakusanya chupa, sasa hivi ndani nina 9, sita zimefunguliwa, na kaunta buku la kwaya mbili limekaribia kujaa. Sasa juzi nikalisoma kuanzia mwanzo nikajiona mwongo kabisa. Glenfiddich 12, wiski ya Scotland iliyokaa pipani miaka 12, nimeandika "peasi". Mi nimezaliwa Temeke, peasi nimeinusa wapi? Kumbe nilikuwa nanakili lebo, nanusa, nasoma kilichoandikwa nyuma ya chupa, alaf nakubali.

Kwahiyo nimefuta, naanza upya na vitu ninavyovijua. Nimeosha vichupa vya jamu vyenye mfuniko, kila kimoja kina harufu yake: karafuu, iliki, sukari guru, tende, korosho za kuchoma, ubani, majani ya chai, papa mkavu, mkaa, kipande cha ngozi nilichoomba kwa fundi viatu, na fenesi lililoiva likapitiliza, hilo linakaa kwenye friji na mama Neema ameshalalamika mara tatu. Nanusa wiski, nanusa kichupa, narudi kwenye wiski. Kikigoma naandika kimegoma.

Wiki ya kwanza nilianza na Laphroaig 10 maana hiyo hata mwenye mafua anaisikia. Nimemimina toti nusu tu, mama Neema akatokea jikoni akauliza, "Baba Neema, nani kaumia?" Ndo hapohapo nikaongeza kichupa cha 12, kitambaa chenye matone mawili ya iodini. Ni dispensari ile, kidonda cha goti utotoni, halafu nyuma yake moshi. Wanaotengeneza wako kisiwa cha Islay, Scotland, na zamani kuni kule ilikuwa shida, hivyo shayiri ya kutengenezea wiski ikishachipua ikawa kimea wanaikaushia kwa moto wa piti, ule udongo mweusi wa majani yaliyooza kinamasini maelfu ya miaka, wanaukata vipande kama tofali, wanaanika, wanachoma. Moshi unaingia kwenye kimea na hautoki tena, unapita kwenye mtambo wa kukeneka, unakaa kwenye pipa miaka 10, unakuja kukukuta Dar. Jamaa yangu mmoja tunamwita Mangi, kwao Moshi, akasema kimea cha ulezi cha mbege bibi yake alikuwa anaanika juani. Ndo maana mbege haina moshi, na mi sikuwahi kuliwaza hilo hata siku moja.

Karafuu ilinishtua zaidi. Nikawa naikuta karibu kwenye kila chupa nikadhani kichupa kimevuja. Kumbe mti wa mwaloni wanaotengenezea mapipa una yujenoli, kitu kilekile kinachoipa karafuu harufu yake. Yani Pemba na pipa la Scotland zinakutana puani. Vanila nayo inatoka kwenye mbao, hasa zikiunguzwa ndani, na Wamarekani sheria ya bourbon, wiski ya kwao, inawalazimisha kutumia pipa jipya lililounguzwa, wakimaliza mengi wanayauza Scotland. Nimemuagiza shemeji aliyeko Bukoba maganda mawili ya vanila halisi, maana ile ya kwenye keki naiona inanidanganya.

Fenesi limeingia kwenye Glenmorangie, nayo ya Scotland. Sio fenesi lote, ni ile harufu ya kwanza ukilipasua. Mitambo yao ya kukeneka ina shingo ndefu, mita 5.14, wenyewe wanasema sawa na twiga mzima, mvuke mzito unashindwa kufika juu unarudi chini, kinachopita ni chepesi chenye matunda. Mtanzania ukisikia twiga lazima ununue, nilinunua.

Sasa msiba. Wiski yangu ya Talisker niliilaza kwenye kabati miezi kama mitano, maana nilishasikia mvinyo unalazwa ili kizibo kisikauke. Wiski hailazwi jamani. Hii ina kilevi 45.8%, pombe kali ikikaa inagusa kizibo inakila taratibu, nilipovuta kikakatika katikati, nusu mkononi nusu shingoni, nikasukuma na kijiti cha mshikaki kikazama vipandevipande kama pumba. Nikachujia kwenye chujio la chai. Chujio la chai la nyumba hii, ambalo kila asubuhi linapitisha tangawizi! Nimebaki na Talisker ya tangawizi. Mangi anaisifia, mi nimeifuta kwenye daftari, siwezi kuilinganisha na kitu.

Wiki ya tatu joto. Saa ya ukutani yenye kipimajoto ilisoma nyuzi 31 sebuleni na feni inazunguka. Wanaposema wiski inywewe kwa joto la chumbani, chumba chenyewe kiko Scotland. Hapa spiriti inakurukia puani kabla ya kitu kingine, unanusa ukali tu. Sasa hivi naweka glasi tupu kwenye friji dakika 10, namimina, nasubiri kidogo, barafu siweki. Imesaidia kuliko kitu chochote nilichonunua.

Na maji. Nilikuwa namwagia kwa macho, sasa natumia sirinji ya duka la dawa. Ardbeg 10 ina 46%, ukiweka mililita 30 za wiski ukaongeza 4.5 za maji inashuka 40% sawasawa, hapo unaweza kuilinganisha na nyingine bila kuionea. Ilivyoguswa na maji ya baridi ikaanza kuweka ukungu, Mangi akaweka glasi chini, "Hii imechakachuliwa." Nikamwambia tulia. Haijachujwa kwa baridi kiwandani, yale mafuta mafuta yamebaki, ukiipooza au kuipa maji yanajitokeza. Hakuamini mpaka nikamsomesha lebo.

Jumamosi iliyofuata tukafanya jaribio la kufumba. Glasi tano nimezivisha foili, mama Neema ndo anamimina na kubandika namba kwa selotepu, sisi tuko nje. Tulikuwa na Johnnie Walker Black, Jameson, Glenfiddich, Laphroaig na Bain's ya Afrika Kusini. Laphroaig wote tuliijua, hiyo sio ujanja. Namba 4 mi niliandika korosho, tende, ganda la chungwa, "hii ndo ya gharama", nikaipa ya kwanza. Mangi naye ya kwanza. Foili zikatolewa: Bain's. Ya mahindi! Mangi akacheka mpaka akakaa chini, "Kumbe tumeshinda na ugali." Namba 2 niliiita Jameson, ilikuwa Johnnie Walker. Glenfiddich niliyoinunua mwenyewe na kuisifia mwaka mzima nikaiweka ya nne, na pembeni nimeandika "tunda, silijui".

Hilo tunda ndo limenikosesha amani. Nikakumbuka peasi zinalimwa Lushoto, nikamuomba dereva mmoja anayepita njia ya Arusha, akaniletea sita kutoka Mombo, ngumu kama jiwe, hazina harufu yoyote. Nikazifunga kwenye gazeti. Siku ya nne tano zimeoza, moja imeiva vizuri, nikaifungua usiku, nikanusa, nikamimina Glenfiddich kidogo, nikanusa tena. Ndiyo yenyewe. Ilikuwa pale siku zote. Sio utamu, ni ule ubaridi wa ganda lake, na kitu kama maji ya mvua.

Nikakata nusu niiweke kwenye kichupa cha 14 asubuhi kukicha. Nimeamka nimekuta sahani ina kikonyo na mbegu tatu, na Neema ameshaenda shule. Kichupa kiko wazi hapa mezani, kina lebo, hakina kitu. Dereva anapita Mombo tena Alhamisi.