Ile picha ya Katuba

Kabla Biennale ya Lubumbashi, yale maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, haijaanza mwaka 2008, ukisema hapa mjini kwamba kazi yako ni historia ya sanaa watu walikuuliza, sawa, lakini unakula nini? Mimi nilikula vipande vipande, masomo huku, nusu ukurasa wa gazeti kule, maandishi ya katalogi za watu waliolipa wakikumbuka. Ekspozisio (maonyesho ya picha) ya kwanza niliyoipanga mwenyewe ilizaliwa darasani. Nilikuwa nafundisha Le Hangar, ile atelie ya wachoraji ambayo Pierre Romain-Desfossés aliifungua mwaka 1946, mji bado ukiitwa Elisabethville. Nawaeleza wachoraji wake, Pili Pili Mulongoy anavyojaza nyuma ya samaki na ndege zake mpaka hakuna nafasi tupu, Bela anavyopaka rangi kwa vidole, mara umeme ukakatika, projekta ikazima, na mwanafunzi mmoja wa nyuma akasema: “Prof, hizo tunaziona ku ukuta tu, lakini kwetu Katuba iko picha ya kweli.”

Nikaenda Katuba, mtaa mmoja wa hapa Lubumbashi. Salo (sebule) ndogo, radio, viti vyenye vitambaa vya kufuma, na juu ya radio Colonie belge, yaani picha ya koloni ya Wabelgiji. Kama umekulia hapa unaijua: mfungwa amelazwa chini suruali imeshushwa, polisi wa kofia nyekundu na fimbo yake, mzungu pembeni mkono mfukoni, bendera ya mkoloni. Miaka ya 1970 wachoraji waliuza hizi picha kwa watu wa kawaida kabisa, kwenye kitambaa cha magunia ya unga. Na hii, ukisogeza uso karibu na kona ya chini ambako rangi imebanduka, unasoma kabisa herufi za kiwanda cha unga chini ya miguu ya yule mzungu. Nilibaki hapo nimeinama mpaka mama mwenye nyumba akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Kuazima alikubali haraka. Shida ikaja na karatasi. Wenye salle, ukumbi wa maonyesho, walitaka desharje ya asiransi, yaani karatasi ya bima, na kwenye desharje kuna safu ya thamani, huwezi kuiruka, basi nikaandika dola 300. Mama akasoma. Akasoma tena. “Dola mia tatu, ile?” Akaita mtoto, mtoto akaita wakubwa zake, jioni baba mdogo naye akafika na baiskeli, na picha ambayo miaka yote walikuwa wanapita mbele yake bila kuinua macho ikawa ghafla urithi. Mmoja anasema iuzwe tugawane. Mwingine amesikia habari za mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, ananigeukia: si kazi zake wazungu walibeba? Nikamwambia ndiyo, zile 101 za historia ya nchi alizomchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian leo ziko Amsterdam. Halikusaidia, akaona dola 300 ni ndogo!

Mama akawaacha wachoke. Halafu akasema, na hapa naandika vile alivyosema: “Baba yenu njo alilipa hii picha, mwisho wa mwezi. Mi nilimutuma unga. Akaniletea mufuko ya unga, unga yenyewe hamuna, na polisi juu yake! Tulilala njaa. Hii haina ya kuuzisha, mutanirudishia kwanza unga yangu.”

Hata baba mdogo alicheka. Mama akaniamuru nikate ile dola 300, nikakata, na mahali pake tukaandika hakuna bei. Wa asiransi wakagoma kabisa, bila namba hakuna kitu, kwa hiyo picha ilitundikwa hivyo hivyo na usiku mimi nililala kwenye salle pamoja na sentinele (mlinzi), mtu mmoja anayekoroma vibaya sana. Bado naichukia ile safu. Najua lazima iwepo, nawafundisha wanafunzi kuijaza, lakini nawaambia wakae kwanza na wenye nyumba, wanywe chai, waulize picha iliingiaje humo ndani, kwa sababu ukishaandika dola hakuna atakayekumbuka unga.

Kwenye kartel, kile kibao cha maelezo kando ya picha, sikuandika mambo ya staili, niliandika ile hadithi ya unga, na siku ya vernisaje, yaani ufunguzi, wazee wa Gécamines, kampuni ya migodi, walijaa hapo wakisomeana kwa sauti na kulaumiana, kila mmoja alikuwa na yake aliyoinunua mwisho wa mwezi. Mama alifika na kikwembe kipya akawa anarekebisha bei ya unga ya wakati ule. Katalogi ilipotoka, mhariri alitaka mahali pa mwenye mali tuandike koleksio binafsi kama kawaida. Nikakataa. Imeandikwa: familia moja ya Katuba, haina ya kuuzisha, yaani haiuzwi.